Akiba ya Nyumbani na Neno "Sina"

Soma Matendo 5:1-4. Petro alimweleza nini Anania kuhusu shamba lake kabla halijauzwa, na kuhusu fedha zake baada ya kuliuza?

Wengi wetu tulifundishwa kisa hiki tangu utotoni kama onyo dhidi ya uchoyo. Lakini tukisoma polepole tunaona kwamba Petro hamlaumu Anania kwa kubakiza sehemu ya fedha. Anamkumbusha kuwa shamba lilikuwa mali yake, na hata lilipokwisha kuuzwa, fedha zilikuwa bado mikononi mwake. Angeweza kuleta nusu, akasema ni nusu, akarudi nyumbani salama na mkewe. Kilichomwangusha ni kusema uongo juu ya kiasi. Tuanzie hapo, maana swali la bajeti ya nyumbani, likishatoka kwenye daftari na kuingia moyoni, huishia hapohapo: tunasema nini juu ya fedha tulizo nazo, na tunamwambia nani?

Chukua mfano wa familia inayopata shilingi 600,000 kwa mwezi. Zaka ni 60,000, na sadaka wameazimu 30,000. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, basi kila mwezi wanaweka kando 90,000. Chakula 210,000, nauli 60,000, umeme, maji na mkaa 70,000, mahitaji ya shule 40,000. Zinabaki 40,000, nazo wanaziita akiba. Hesabu imekaa vizuri. Ni familia iliyosoma Luka 14:28-30 na kuielewa.

Mwezi wa tano, jioni, simu inalia. Ni mdogo wake baba. Mtoto wake amelazwa, na zinahitajika 150,000 kabla ya kesho. Baba anajibu, "Sina, mdogo wangu. Mwezi huu umenibana kweli." Katika simu ya mama kuna 450,000 za kodi. Mtoto wao mkubwa, ambaye jana alimsomea mama ujumbe wa salio, anainamia sahani yake.

Je, baba amesema uongo? Wapo watakaomtetea, na utetezi wao si wa kudharauliwa. Watasema fedha ya kodi si yake tena, ni ya mwenye nyumba. Angeombwa fedha ya zaka angejibu vivyo hivyo, wala hakuna ambaye angemlaumu. Ni kweli kwamba kumkarimu ndugu kwa fedha inayodaiwa na mwingine ni ukarimu wa mkono wa mtu mwingine, na watakaolipa ni watoto watakaotolewa vyombo nje. Hata hivyo, mdogo wake hakuyasikia hayo yote. Alichosikia ni kwamba kaka yake hana kitu. Ndivyo alivyokusudiwa aamini, na amri ya tisa inahusu kile tunachotaka jirani yetu aamini, hata kama maneno yenyewe yanaweza kutafutiwa maana nyingine.

Kwa nini ni rahisi kusema "sina" kuliko kusema "ninazo, lakini ni za kodi"? Kwa sababu jibu la pili linatuacha wazi. Ndugu anaweza kuuliza: kodi ya mwezi ujao na mtoto wangu wa leo, kipi kizito? Nasi tungelazimika kujibu. "Sina" linaufunga mlango kabla swali halijaingia.

Basi tulikaribishe swali hilo. Katika Marko 7:9-13 Yesu anawakemea watu waliotaja mali yao kuwa Korbani, yaani imewekwa wakfu, wapate sababu ya kutowasaidia wazazi wao. Jina takatifu kabisa liliandikwa juu ya fedha, na bado halikutosha kuwa ukuta kati ya mwana na mama yake. Ikiwa Korbani haikutosha, neno "kodi" litatosha vipi?

Hapa jibu la haraka lingekuwa kusema kila kilichotengwa kifunguliwe kila anapolia mtu. Biblia haisemi hivyo. Yusufu alishauri sehemu ya tano ya mavuno itengwe katika miaka saba ya shibe (Mwanzo 41:34), na wasingeila mapema wakapona wakati wa njaa. (Nafaka ile aliiuza, hakuigawa bure, tusilifiche hilo.) Mana iliyobakizwa hadi asubuhi iliingia funza, lakini ya siku ya sita iliyohifadhiwa kwa ajili ya Sabato ilikaa salama. Kitendo ni kilekile cha kuweka, tofauti ni kwa agizo la nani na kwa kusudi gani. Yule tajiri wa Luka 12 hakuhukumiwa kwa sababu ya ghala. Msikilize anavyojisemesha: mavuno yangu, ghala zangu, nafsi yangu. Hakuna mtu mwingine ndani ya maneno yake.

Linalotusaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni Mathayo 12:11. Sisi tunaoitunza Sabato tunafahamu jinsi amri inavyoweza kushikwa kwa uaminifu wote, na bado kondoo aliyetumbukia shimoni akatolewa siku hiyohiyo. Kumtoa hakuifuti Sabato. Uhai wa mtoto ukiwa hatarini, fedha ya kodi ifunguliwe, na mwenye nyumba aendewe siku hiyo hiyo aelezwe ukweli, kabla tarehe haijafika. Lakini kondoo akitumbukia kila juma, torati inajua pia habari ya mashimo. Kutoka 21:33 inamtaka aliyechimba shimo alifunike.

Namna moja ya kulifunika wanaifahamu akina mama wengi wa vikundi vya kuweka na kukopa. Mfumo huo ulianzishwa nchini Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, ukaenea hadi kwetu, na VICOBA ni mmoja wa wajukuu wake. Kisanduku kina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Ndani yake hisa hukaa mbali na mfuko wa jamii, ambao kila mwanachama huchangia kiasi sawa kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Hakuna anayeombwa avunje hisa zake mtu akifiwa, na hakuna anayefiwa akakosa kitu.

Turudi kwenye ile bajeti ya 600,000. Ina mstari wa Mungu, wa mwenye nyumba, wa shule. Ndugu hana mstari, ingawa kila mtu katika nyumba hiyo anajua kwamba simu italia. Zile 40,000 zikigawanywa, 20,000 zikaitwa za jamaa, mwezi wa tano zingekuwa 100,000. Hazifiki 150,000. Lakini baba angeweza kusema, "Ninazo laki moja, nakutumia sasa hivi. Hamsini iliyobaki ngoja niongee na shemeji yako, tuone kama tutaigusa kodi." Hilo lingekuwa kweli, kila neno, na mtoto angeendelea kula.

Angalia pia maneno "niongee na shemeji yako". Safira alijua, Luka anatuambia hivyo waziwazi. Katika nyumba nyingi zetu mke hajui mshahara wa mume, au mume hajui mke ameweka kiasi gani kwenye kikundi, na kila mmoja ana sababu zake, nyingine nzito. Akiba ya siri inaweza kuwa ndiyo iliyowaokoa watoto na ulevi wa baba. Darasa lisipite juu ya hilo haraka.

Jadilini: Mke anayeficha akiba kwa sababu hiyo, anaulizwa na mumewe, "Una kiasi gani?" Ajibu nini?