Vaeni, Si Vaa

Somo: Waefeso 6:10–20



Paulo aliandika maneno haya akiwa kifungoni. Matendo 28:16 yanatueleza kwamba kule Roma alikaa na askari aliyemlinda. Kwa hiyo mkanda, dirii, chapeo na upanga hakuvisikia kwa watu. Aliviona kwa macho yake. Tena alimjua nabii Isaya, aliyemwonyesha Bwana mwenyewe amevaa haki kama dirii na wokovu kama chapeo (Isaya 59:17). Silaha hizi, basi, ni za Mungu kwanza. Sisi tunavikwa.

Leo tutazame viatu na ngao.

Soli za viatu vya askari wa Kirumi zilipigiliwa misumari ya chuma ili asiteleze. Paulo anarudia neno kusimama, na viatu anavyotupa ni vya Injili ya amani. Nyumba isiyo na amani huteleza hata pasipo kusukumwa. Anatukumbusha pia kwamba adui yetu si binadamu (mstari wa 12). Mume wako si adui. Kijana wako unayemsemesha Kiswahili akakujibu Kiingereza si adui. Hata msimamizi wa zamu kazini si adui.

Sasa ngao. Neno la Kigiriki alilotumia Paulo lina asili moja na neno mlango, maana ngao ile ilikuwa kubwa hasa. Moja iliyochimbuliwa Dura-Europos, nchini Siria, ina urefu unaopita mita 1. Lakini hata ngao kubwa hufunika upande mmoja tu. Kwa sababu hiyo, askari walipokaribia ukuta wa mji waliunganisha ngao zao: wa mbele wakakinga mbele, wa pembeni wakakinga pembeni, wa katikati wakainua zao juu ya vichwa vya wote. Warumi waliuita mpango huo kobe. Aliyetoka kwenye mstari alibaki na ngao yake mkononi, lakini mgongo wake ulikuwa wazi.

Sisi wauguzi tunalijua jambo hili. Ukiingia kwa mgonjwa mwenye ugonjwa wa kuambukiza, barakoa na glavu utavaa mwenyewe, lakini kamba za gauni ziko mgongoni. Mwenzako ndiye anayezifunga, kisha anakukagua kabla hujafungua mlango.

Biblia yetu ya Kiswahili inasema vaeni, haisemi vaa. Watoto wetu wanaosoma Kiingereza hawawezi kuiona tofauti hiyo, tuwafundishe. Paulo anasema na kanisa zima.

Wapendwa, huku ugenini mtu anaweza kupotea hali anwani yake tunayo. Anapoteza kazi, anaona aibu kuja bila mchango, anakosa Jumapili moja, kisha mbili. Mwingine anafanya zamu za usiku mfululizo, halali, haombi, na akiulizwa anajibu, "Tunamshukuru Mungu." Mwingine karatasi zake zimekwama, naye hajamwambia hata mkewe. Mishale ya moto inawapata watu hawa wakiwa peke yao. Tusiseme imani yao ni ndogo. Tujiulize ngao zetu zilikuwa wapi.

Na wewe unayejificha, tazama mstari wa 19. Paulo amekwisha kutaja silaha zote, kisha anaomba aombewe. Kama mtume hakuona aibu kusema "niombeeni," wewe unaona aibu ya nini?

Wiki hii, kila nyumba imtafute mtu mmoja ambaye hatujamwona. Usitume ujumbe tu. Piga simu, au nenda na chakula. Usimuulize kwa nini haji. Muulize analala vipi, anakula nini, na tumwombee nini. Kisha umwombee papo hapo, kabla hujaondoka.

Bwana atuvike sote, atusimamishe pamoja. Amina.