Mbele ya Meza ya Usaili



Katika sala za Jumapili twaombwa mara kwa mara kuwakumbuka vijana wetu walioitwa kwenye usaili wa kazi. Twaitika Amina kwa sauti kubwa. Kisha tukitoka nje, chini ya mti, twasikia neno lingine: "Kazi siku hizi ni kujuana." Na mzazi aliyetoka kuitika Amina aenda kuuza ng'ombe ili apate cha kumpa mtu anayesema ana mtu wake ofisini. Yatupasa tuliseme jambo hili wazi, maana katika viti vya kanisa letu wamo wanaosailiwa, na wamo pia wanaosaili.

Tuanze na anayesailiwa, naye amtazame Nehemia. Habari mbaya za Yerusalemu zilimfikia huko Shushani katika mwezi wa Kisleu. Alipata nafasi ya kumwambia mfalme Artashasta haja yake katika mwezi wa Nisani. Hiyo ni miezi minne hivi. Katika miezi hiyo alifunga na kuomba, lakini tukisoma majibu yake katika sura ya pili, twatambua kwamba alikuwa anafikiri pia. Mfalme alipomwuliza anataka nini, alimwomba Mungu palepale, moyoni, kisha akajibu. Alisema aendako na atakachofanya. Alipoulizwa safari itachukua muda gani, alitaja muda. Akaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, na nyingine kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ampe miti ya malango, ya ukuta, na ya nyumba atakayokaa yeye mwenyewe. Hata jina la mtunza msitu alilijua! Tena asema mwenyewe kwamba aliogopa sana. Basi, kijana, kutetemeka mlangoni si dalili ya kukosa imani. Kwenda bila kujua jina la Asafu, hilo ndilo la kuogopa.

Anayeitwa kwenye kazi ya uhasibu katika halmashauri na ajue halmashauri ile yapata wapi fedha zake. Anayeomba ualimu na aulize shule ile iko wapi na ina shida gani. Tena tangazo la Sekretarieti ya Ajira lisomwe hata mstari wa mwisho, maana huagiza vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa pamoja navyo, na karatasi ya matokeo haipokelewi badala ya cheti chenyewe. Mwenye majina yanayotofautiana katika vyeti asingoje siku ile. Aende kwa wakili mapema. Twajua wako watakaosema mambo haya si ya kiroho. Lakini mtu aliyekesha akiomba, akarudishwa mlangoni kwa sababu ya cheti alichoacha nyumbani, hakushindwa na Ibilisi.

Na aseme kweli. Mwaka 2017 uhakiki wa serikali yetu ulitaja watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Wakaondolewa kazini, na nyuma yao walikuwapo watoto waliotegemea mshahara ule. Mtu asiyejua jibu aseme hajui. Akiulizwa kwa nini aliacha kazi ya kwanza, aeleze kwa ufupi, bila kumtukana bwana wake wa zamani. Wanaosikiliza hujiuliza watatukanwa lini wao.

Sasa twageuka kwa anayeketi upande wa pili wa meza. Twaona huyu ndiye mwenye hatari kubwa zaidi. Samweli alikuwa nabii, na bado alipomwona Eliabu alidhani kazi imekwisha, kwa sababu ya sura na kimo. Bwana alimkataza. Wana saba walipita, wala hakuchagua mmojawapo ili tu shughuli imalizike. Aliuliza kama yuko mwingine, akakataa kuketi mpaka aliyekuwa malishoni aletwe. Ni wangapi kati yetu wangengoja hivyo, na chakula kiko tayari?

Mitume nao walitufundisha utaratibu katika sura ya kwanza ya Matendo. Petro alitaja kwanza sifa za anayetakiwa: awe amefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana hata siku ya Bwana kupaa. Ndipo majina mawili yakawekwa mbele, wakaomba, wakapiga kura. Sisi mara nyingi twaanza na jina la mpwa wetu, kisha twatafuta sifa zinazomfaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza ubaguzi wa kabila, dini, ujauzito au ulemavu, hata kwa yule anayeomba kazi tu. Na mwanamume anayemdai binti mwili wake ili ampe kazi atenda kosa la jinai chini ya sheria ya rushwa ya mwaka 2007. Akija kupokea ushirika mtakatifu kabla ya kutubu, na ajihoji. Binti aliyedaiwa hivyo asinyamaze kwa aibu. Aibu si yake. Aende TAKUKURU, na mama zetu wa kanisa wamsindikize.

Haya ni kwa waajiri wadogo pia. Anayetafuta msichana wa kazi au kijana wa dukani, na amwambie mapema mshahara, saa za kazi na siku ya kupumzika, mbele ya mzazi wake.

Yule wa pili siku ile, Yusufu aitwaye Barsaba, hakuchaguliwa. Jina lake limeandikwa hata hivyo, wala hakuna neno la kumlaumu. Watoto wetu wanaorudi bila kazi tusiwapokee na swali la "umekosa tena?" Na kwa kuwa wasailiwa hujigharimia nauli, chakula na malazi, twawaomba Wakristo wenye chumba mjini wamwandikie katibu wa parishi, wakitaja idadi ya wageni wanaoweza kuwalaza na kama mahali pale pana basi la asubuhi.