Wa Kwanza Kupita Mlangoni

Somo: 1 Samweli 14:1–15



Wapendwa, askari wakifundishwa kuingia chumba chenye adui, hawaingii ovyo. Wanajipanga mstari nje, mmoja nyuma ya mwingine. Aliye mbele anajua mlango ndio mahali pa hatari zaidi, maana adui aliye ndani anautazama huo huo. Kwa hivyo akiingia, hasimami. Anasonga haraka, anashika kona yake, anaacha njia. Akiganda mlangoni amewazibia wenzake. Na hageuki kuangalia kona ile nyingine. Hiyo ni ya wa pili, na anamwamini.

Sasa mtazame Yonathani. Baba yake, Mfalme Sauli, amekaa chini ya mkomamanga na watu kama 600. Yonathani anapanda jabali kwa mikono na miguu. Hebu niambie, mtu anayepanda hivyo upanga ataushikaje? Lakini nyuma yake yuko kijana aliyembebea silaha. Wafilisti wanaanguka mbele ya Yonathani, na kijana anawamaliza nyuma yake. Watu kama 20! Jina la huyo kijana hata halikuandikwa.

Nikiri jambo. Ndugu mmoja wa hapa kwetu alikataa kutia sahihi hesabu za uongo kazini. Jumapili alishuhudia, tukampigia makofi. Jumatatu akafutwa. Kodi ya nyumba ilipofika, nani alibisha hodi kwake? Mimi mchungaji wenu nilimpigia simu baada ya wiki tatu. Akaniambia, "Pasta, nilidhani mko nyuma yangu." Nilikosa la kujibu.

Mpendwa, sisi hatupigani na watu. Lakini kama wewe ndiye wa kwanza kwenu kuokoka, kuacha chang'aa au kukataa hongo, usigande mlangoni. Ingia, shika kona yako. Na sisi wengine tusiwe wale 600 wa mkomamanga, makofi mengi, miguu hakuna. Wiki hii kila ushirika wa nyumbani umtafute mmoja aliyetangulia. Mwende kwake na unga mkononi, mkae, mumsikilize.

Tuombe: Bwana, tusamehe tuliowaacha wenzetu mlangoni. Tupe moyo wa yule kijana. Katika jina la Yesu, amina.