Mikono Isiachwe Getini

Mama mjamzito wa Mazimbu, makala hii ni yako. Ni ya mumeo pia, ya mama yako, ya mkweo, na ya muuguzi atakayekupokea usiku ule utakapofika na beseni lako na khanga zako. Kabla siku hiyo haijafika, tukubaliane jambo moja: mwanamke hapaswi kuachiwa uchungu wa kuzaa peke yake, kitandani, amelala chali, huku akiambiwa ajikaze kwa sababu yeye si wa kwanza kuzaa. Zipo njia za kuupunguzia uchungu makali bila sindano wala kidonge. Nyingi hazina gharama. Na karibu zote zinahitaji kitu ambacho Mazimbu tunacho kwa wingi, yaani mikono ya watu wanaokupenda.

Hapa petu pana historia ya jambo hili. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC, kutoka Afrika Kusini, shamba la zamani la mkonge hapa Mazimbu. Wakajenga shule, wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 6, 1979. Hawakuishia kwenye madarasa. Kwa msaada wa marafiki wa Uholanzi walijenga hospitali iliyofunguliwa mwaka 1984. Walikuwa pia na kituo cha akina mama vijana na watoto wao wachanga, kilichopewa jina la Charlotte Maxeke, mwanamke aliyeunganisha wanawake wa Afrika Kusini kudai haki zao tangu mwaka 1918. Fikiria hali ya wasichana wale. Walikuwa uhamishoni. Mama zao walibaki maelfu ya kilomita kusini na hawakuweza kuja hata kuwakorogea uji. Basi wenzao wakaamua kwamba mzazi kijana na kichanga chake wapate mahali pao na watu wa kuwaangalia. Mwaka 1992 majengo yale yalikabidhiwa kwa nchi yetu, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Tunapita mbele yake kila siku. Ikiwa watu waliokuwa katikati ya mapambano, ugenini, walimkumbuka mzazi, sisi tulio kwetu, tuliozungukwa na mama, mashangazi na mabinamu, tuna udhuru gani?

Tuseme ukweli kuhusu tulikotoka. Bibi zetu walizaa nyumbani, wakiwa wameshikwa kiuno na wanawake wa ukoo. Faraja ilikuwepo, lakini damu ilipotoka nyingi hapakuwa na wa kuizuia, na wengi walikufa. Kwenda kuzaa kituoni ni ushindi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 8 kati ya 10 nchini walijifungulia kwenye vituo vya afya, na vifo vya akina mama vilikadiriwa kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016. Kwa hiyo anayekushawishi uzae nyumbani ili ubembelezwe anakupeleka hatarini. Usimsikilize.

Lakini tulipouhamishia uzazi kituoni, ile mikono tuliiacha getini. Mama anaingia leba. Mama yake anabaki nje kwenye benchi na chupa ya chai, mume anazungukazunguka na simu, na ndani muuguzi mmoja anahudumia wazazi kadhaa kwa wakati mmoja. Kazi tuliyo nayo sasa ni kuiingiza mikono hiyo ndani, palepale penye mkunga, dawa na vifaa.

Kwa nini mikono? Kwa sababu uchungu unakolezwa na hofu. Ukiogopa, misuli inakakamaa, pumzi inakuwa fupi, na homoni za hofu zinaweza kuidhoofisha oksitosini, ile homoni inayofanya mji wa mimba ubane na kufungua njia. Daktari Mwingereza Grantly Dick-Read aliliandika hili mwaka 1933: hofu huleta kukakamaa, na kukakamaa huongeza maumivu. Mwaka 1965 wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba hisia za kuguswa na kukandwa hushindana na hisia za maumivu kwenye uti wa mgongo kabla hazijafika kwenye ubongo. Mkono wa mama yako unaposugua kiuno chako, basi, unafanya kazi ya kweli mwilini. Usiruhusu mtu auite deko.

Sasa tupige hesabu ambayo kila mjamzito anapaswa kuijua. Uchungu ukishakolea, huja mara tatu au nne ndani ya dakika 10, na kila mmoja hudumu kati ya sekunde 40 na 60. Chukua kiwango cha juu: mara nne, sekunde 60 kila mara. Ni dakika 4 za maumivu. Dakika 6 zilizobaki ni zako! Wanawake wanaoteremka Uluguru alfajiri na mikungu ya ndizi kichwani wanafika sokoni kwa sababu wanajua pa kutua mzigo. Nawe jifunze kutua. Uchungu unapoachia, achia nawe: legeza taya, shusha mabega, fumbua viganja, kunywa maji. Usizitumie dakika zako kuuogopa uchungu unaofuata. Ukija, utakukuta una nguvu.

Uchungu unapoanza kupanda, vuta pumzi taratibu kwa pua, itoe polepole kwa mdomo, ndefu kuliko ulivyoivuta. Mwenza wako wa uzazi, yaani mtu uliyemchagua akae nawe leba, apumue pamoja nawe, jicho kwa jicho, maana kuna wakati utasahau kupumua, na atakayekukumbusha ni yeye. Ukitaka kutoa sauti, toa nzito, itoke kifuani. Kelele kali za juu hukaza koo na kukuchosha. Ukitaka kuimba pambio, imba. Ukitaka kusikiliza kaswida kwenye simu, sikiliza. Ukitaka kusali, sali. Muziki na utulivu wa nafsi ni miongoni mwa njia zinazotajwa na Shirika la Afya Duniani, pamoja na kupumua, kukandwa na joto.

Inuka kitandani. Ikiwa mkunga amekupima na kusema mnaendelea vizuri, hakuna sababu ya kulala chali. Ukilala chali, uzito wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, nawe unaweza kupata kizunguzungu na mtoto kupungukiwa hewa. Tembea. Simama uegemee ukuta, uyumbishe nyonga kushoto na kulia. Piga magoti na kuegemea kitanda. Ukichoka, lala ubavu. Mapitio ya tafiti 25, zilizohusisha wanawake zaidi ya 5,000, yalionyesha kwamba waliokaa wima au kutembea katika hatua ya kwanza walimaliza hatua hiyo mapema kwa wastani wa saa 1 na dakika 22 kuliko waliolala. Nani hataki kupunguziwa muda huo?

Mwenza naye ana kazi. Uchungu ukipanda, aweke kitako cha kiganja kwenye mfupa bapa ulio chini ya kiuno, juu kidogo ya makalio, akandamize kwa nguvu na kwa utulivu mpaka uachie. Mzazi ndiye anayesema ongeza au punguza. Aliyebanwa mgongoni zaidi kuliko tumboni hupata nafuu kubwa hapa, hasa akiwa amepiga magoti na mikono imeshika chini. Joto nalo linasaidia: chupa ya maji ya moto iliyofungwa khanga, au kitambaa kilichokamuliwa maji ya moto, kikiwekwa kiunoni au chini ya tumbo. Kijaribiwe kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono wa mwenza, kisimuunguze mzazi. Maji ya uvuguvugu yakimwagwa mgongoni bafuni nayo yanalegeza misuli. Na mzazi asikae na njaa wala kubana mkojo. Akiruhusiwa na mkunga, apewe uji, chai na maji kidogo kidogo.

Atakayekwambia haya ni mambo ya Ulaya, mwambie kuhusu Kigoma. Kati ya mwaka 2016 na 2018 shirika la Thamini Uhai, likishirikiana na serikali, lilijaribu kuruhusu wenza wa uzazi katika vituo vya umma mkoani humo, na akina mama wakaeleza kuridhika zaidi na huduma. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo 56 kuhusu huduma wakati wa uchungu, na mojawapo ni kwamba kila mzazi awe na mwenza aliyemchagua mwenyewe. Mwaka mmoja kabla, mapitio ya tafiti zilizohusisha wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17 yalionyesha kwamba mwenye mtu wa kumtia moyo wakati wote ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida, uchungu wake huwa mfupi zaidi, na uwezekano wa kupasuliwa hupungua.

Njia hizi hazifuti maumivu, na hazichukui nafasi ya mtaalamu. Ukihitaji dawa, omba. Ukihitaji upasuaji, kubali, nawe bado ni mama shujaa. Damu ikitoka nyingi, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, homa ikipanda, maji yakitoka ya kijani, mtoto akiacha kucheza, au tumbo likiuma mfululizo bila kuachia, mwite mkunga papo hapo. Usisukume kabla hajakwambia njia imefunguka kamili. Na usinywe dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, hata zikiletwa na mtu unayemheshimu. Zinaweza kuupasua mji wa mimba, ukafa wewe na mwanao.

Baba mtarajiwa, usiku huu mwombe mkeo akuonyeshe panapomuuma, uweke kiganja hapo, mjifunze pamoja. Hilo halikupunguzii uanaume. Linakuongezea ubaba. Mama na mkwe, mkiitwa leba, acheni nje hadithi za nani alikufa na nani alichanika. Ingieni na maneno ya "umeweza huu, utaweza na unaofuata". Muuguzi, tunajua umechoka na wodi imejaa. Mwenza aliyeelekezwa vizuri ni msaidizi wako: anamshika mzazi, anamnywesha, anakuita mapema kukiwa na tatizo. Kama kinachokuzuia ni faragha ya wazazi wengine, sema tuchangishane mapazia. Mazimbu hatushindwi kununua mapazia.

Nawe dada yangu uliyebeba mimba, mchague mwenza wako wiki hii. Nenda naye kliniki tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yako, na muulize wote wawili, kwa heshima na bila woga: "Siku yangu ikifika, huyu ataruhusiwa kukaa nami?" Wakisema ndiyo, anzeni mazoezi ya pumzi jioni hiyohiyo. Wakisema bado, uliza ni nini kinakosekana, kisha urudi na jibu hilo nyumbani, kwenye vikoba, msikitini, kanisani na kwenye mkutano wa mtaa, mpaka kipatikane. Mwanamke mmoja akiuliza, ataambiwa asubiri. Sote tukiuliza, mlango utafunguliwa.