Fadhila ya Jamaa na Haki ya Sheria

Arash ni kata ya tarafa ya Loliondo katika wilaya ya Ngorongoro, nchi ya wafugaji, ambako utajiri wa mtu hutembea kwa miguu minne na waweza kuangamia kwa kiangazi kimoja. Mahali kama hapo swali la nani amtunze asiyeweza kuchunga, kuteka maji wala kuhama na mifugo, haliwezi kuachiwa wanazuoni. Swali hilo lina majibu mawili, la kale na la sasa, na watu wamo njiani baina ya hayo mawili.

Jibu la kale laitwa osotua. Katika lugha ya Kimaasai neno hilo maana yake ni kamba ya kitovu, na kwa hiyo hutajwa ahadi baina ya watu kwamba mmoja akipungukiwa ataomba, na mwenziwe akiwa nacho atatoa. Kipimo cha kinachotolewa ni haja ya mwombaji, na hakuna anayeweka hesabu yake. Deni lina neno lake jingine, esile, na Wamaasai hawayachanganyi mambo hayo mawili: deni hulipwa, osotua huheshimiwa. Pamoja nayo iko ewoloto, desturi ya ukoo kukusanya mifugo ili kumwinua jamaa aliyefilisika. Chini ya utaratibu huo kipofu hana haja ya kuthibitisha upofu wake mbele ya mgeni. Wanaomlisha walimwona akijifunza kutambaa.

Uzuri huo usimlevye msomaji. Ng'ombe hutaka mchungaji, na ukoo humpa mifugo yule atakayeweza kuitunza. Aliye kiwete hupata fungu lake kwa mkono wa mwingine. Tena fadhila ina macho. Humwona mwenye jamaa wengi upesi kuliko mwenye jamaa wachache, na mwenye ulimi mtamu upesi kuliko mnung'unikaji, ilhali njaa ya wote wawili ni moja. Anayeishi kwa fadhila hulazimika kupendeza kila siku ya maisha yake, na hiyo ni kazi nzito kuliko kuchunga. (Hata Kiswahili hakikuwa mpole: kiliwaweka kipofu, kiziwi na kiwete katika ngeli moja na kiti na kisu, kisha sarufi, kana kwamba iliona haya, ikawarudishia upatanisho wa watu.)

Liko jambo la tatu, nalo ni zito zaidi. Osotua hufaa pale msiba unapochagua: mmoja ameanguka, mwingine amesimama, basi aliyesimama huinama. Ukame wa mwaka 2009 haukuchagua, wala ule wa miaka 2021 na 2022. Mnamo mwaka 2022 eneo la kilomita za mraba 1,500 la Loliondo liliwekewa mipaka na kufanywa Pori la Akiba la Pololeti, na Arash ni miongoni mwa vijiji vilivyopoteza malisho humo. Mifugo ikipungua kwa wote pamoja, kamba ya kitovu huwa imefungwa kwa mama asiye na maziwa.

Hapo ndipo dola huitwa. Sheria ya mwaka 1982 juu ya matunzo ya watu wenye ulemavu ilianza na jamaa na mamlaka za mitaa, yaani ilirudia kwa lugha ya Bunge neno ambalo wazee walikwisha kulisema. Sheria ya mwaka 2010, iliyokuja baada ya Tanzania kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ndiyo iliyosema waziwazi lugha ya haki. Na mkono wa dola unaofika vijijini ukiwa na fedha ni Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, kwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini uliozinduliwa mwaka 2012 na kuingia kipindi cha pili mwaka 2020. Mkutano wa kijiji hutaja kaya zilizo taabani, dodoso hupima hali zao, na walengwa huandikwa. Ziko pia asilimia mbili za mapato ya ndani ya halmashauri, ambazo tangu mwaka 2018 sheria imezitenga kwa mikopo isiyo na riba ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejea mwaka 2024. Mmaasai angeuliza kwa nini aliyezoea osotua anapewa esile, na swali lake lingestahili jibu.

Daftari lina adili ambalo fadhila haina: aliyeandikwa humo hana haja ya kupendeza. Lakini daftari hili linaandika kaya, wala halimwandiki mtu. Linauliza kama nyumba ni maskini, na likiisha kujibiwa huondoka. Isidhaniwe kwamba hapana njia nyingine. Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 hulipwa pensheni, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuulizwa mali ya mwanawe. Huko umri wa mtu umetosha kuwa hoja. Kwa nini ulemavu wake usitoshe?

Atajibu mweka hazina kwamba fedha ni chache na maskini ni wengi, na hasemi uongo. Lakini na afikiriwe mwanamke asiyeweza kutembea, katika boma la kaka yake lenye ng'ombe arobaini. Mbele ya dodoso nyumba yake si maskini, kwa hiyo jina lake halimo. Mbele ya ukoo yeye ana wa kumtunza, kwa hiyo haombewi. Katika ng'ombe arobaini hana hata ndama mmoja awezaye kumuuza ili anunue kiti cha magurudumu, na kila asubuhi hungoja kujua kama mke wa kaka yake ameamka na moyo mwema.