Uwanja Mpya Wanautaka, Mkwakwani Hawauachi

Shabiki wa Coastal Union ya Tanga anayekaa Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani, huianza mechi mapema kuliko wachezaji. Asubuhi hupanda bodaboda mpaka Bweni, huvuka mto kwa kivuko, halafu hukaa kwenye basi kilomita 50 hivi mpaka Tanga mjini. Akishuka hana haja ya kuuliza njia. Uwanja wa Mkwakwani uko mjini hapo hapo, na mchana wa mechi kubwa kila barabara inaelekea huko: vijana wenye vuvuzela, wauza karanga, muuza kahawa na birika lake, mzee wa kanzu aliyetoka kuswali adhuhuri. Huyu wa Ushongo ameacha chombo ufukweni, na siku chombo kinapolala ni siku ya mfuko kulala. Jioni, dakika za nyongeza huzitazama kwa jicho moja, la pili liko kwenye saa, maana kivuko hakimsubiri mtu.

Tarehe 1 Machi 2025 safari hiyo haikuwepo. Coastal Union waliikaribisha Simba kwenye Ligi Kuu, mechi ambayo Tanga huisubiri msimu mzima, lakini ikachezwa Sheikh Amri Abeid, Arusha, zaidi ya kilomita 400 kutoka Mkwakwani. Simba wakashinda 3-0, mabao yote ya Steven Mukwala. Kufungwa na Simba si habari ya kumliza mtu wa Tanga, amekwisha kuzoea. Kilichouma ni kuitwa mwenyeji mahali ambapo yeye mwenyewe ni mgeni. Mvuvi wa Pangani alibaki na mawili: nauli ya Arusha, ambayo hana, au benchi la mbao kwenye kibanda umiza, akiitazama timu yake ikicheza "nyumbani" kwenye runinga.

Kwenye machungu ya aina hiyo ndipo mjadala wa uwanja unapopamba moto. Tanga inahitaji uwanja mpya, hilo halina ubishi mkubwa. Ila mazungumzo yanapogeukia Mkwakwani wenyewe, ubaki au uondoke, sauti zinashuka na watu waliokuwa upande mmoja wanagawanyika.

Vijana wana hoja zao. Wamekua wakitazama ligi za Ulaya na mechi za uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, wanajua kiti kizuri kikoje, na kwamba kinyesi cha ndege hakipaswi kuwa juu yake. Wanataka taa za mechi za usiku, vyoo ambavyo mama na dada zao wanaweza kuvitumia, eneo la kuchezea lisilodundisha mpira kama jiwe, na milango ambayo mtu anaingia bila kubanwa mbavu. Wanataka pia mechi za Afrika zije Tanga. Wazee hawakatai hata moja kati ya hayo. Wanachouliza ni mahali. Uwanja ukipelekwa nje ya mji, kwenye ekari nyingi na maegesho ya magari, wao ambao hawana magari watafikaje, na watarudije?

Kuna jambo la kuchekesha hapa. Watu hao hao wa Ushongo na Bweni, ukiwauliza habari za daraja la mto Pangani, lenye urefu wa mita 525, sehemu ya barabara ya pwani ya kuunganisha Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo, hakuna anayekililia kivuko. Pengine wauza maji na korosho wa gatini tu. Kivuko ni cha kupitia. Mtu hakumbuki alisimama wapi ndani yake siku fulani ya mwaka fulani. Mkwakwani ni mahali pa kufikia, na kila mtu ana kona yake.

Kona hizo zina kumbukumbu nzito. Mwaka 1988 Coastal Union, klabu iliyoanzishwa 1948, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara, na Tanga ikawa imeipokonya Dar es Salaam kitu ambacho Simba na Yanga walikiona kama mali ya kurithi. Juma Mgunda, mmoja wa wachezaji wa enzi hiyo, baadaye alirudi kuwa kocha wa klabu hiyo hiyo kabla ya kuinoa Simba. Kijana wa leo hakuwa amezaliwa, lakini anaweza kukuonyesha upande ambao babu yake alikuwa akikaa.

Wala Mkwakwani si kumbukumbu za wazee peke yao. Tarehe 12 Juni 2023 fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilichezwa hapo, Yanga wakaifunga Azam 1-0. Miezi miwili baadaye Ngao ya Jamii ililetwa Tanga kwa mfumo wa timu 4, na Agosti 13 watani wa jadi, Simba na Yanga, wakakutana. Dakika 90 ziliisha bila bao. Kwenye penalti kipa Ally Salim alipangua tatu, Simba wakabeba ngao. Kwa siku chache nyumba za wageni za Tanga zilijaa, na mji uliosahaulika kwenye ramani ya mechi kubwa ukawa ndio mji wenyewe.

Shabiki wa Tanga akitaka kujua mambo huwa yanaishaje, ana mfano wa karibu. Dar es Salaam ilijenga uwanja mpya bila kuubomoa wa zamani. Uwanja wa Taifa wa zamani, ambao watu wa mpira wanauita Shamba la Bibi, ndiko bendera ya Tanganyika huru ilikopandishwa usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961. Ndiko Simba walikoichapa Yanga 6-0 Julai 19, 1977, Abdallah Kibadeni akifunga matatu. Ndiko Taifa Stars walikoifunga Zambia 1-0 mwaka 1979, kabla ya sare ya Ndola na bao la Peter Tino lililowapeleka Fainali za Afrika za 1980. Na ndiko pia Simba walikolala 2-0 mbele ya Stella Abidjan kwenye fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, Rais Ali Hassan Mwinyi akiwa jukwaani. Kuna watu wazima ambao mpaka leo ukiwatajia Boli Zozo, mfungaji wa mabao yale, wanageuza mazungumzo.

Uwanja mpya wa watu 60,000 ulipofunguliwa 2007 hatua chache kutoka hapo, lile jina la Taifa likahamia kwake, na wa zamani ukaitwa Uhuru. Mwanzoni wapo walionung'unika kwamba mpya ni mkubwa mno, mtu anakaa mbali na mpira. Manung'uniko yakaisha taratibu. Mwaka 2020, baada ya kifo cha Rais mstaafu Benjamin Mkapa, ambaye serikali yake ndiyo iliyoanza kuujenga, ulipewa jina lake, na leo mtoto wa Temeke akisema "kwa Mkapa" haimaanishi saruji ya Wachina, inamaanisha kwao. Mapenzi yalihama kwa sababu hayakulazimishwa kuhama. Uwanja wa zamani ulibaki ukionekana ng'ambo ya ukuta, na asiyeuzoea mpya alikuwa na muda wa kuuzoea.

Mapenzi ya viwanja vya zamani, hata hivyo, yasifunike jambo moja. Machi 21, 2021, katika uwanja huo wa Uhuru, watu 45 walipoteza maisha kwenye msongamano wa kumuaga Rais John Magufuli. Walikuja kutoa heshima za mwisho, wakakanyagana. Anayesema uwanja wa kale uachwe ulivyo kwa sababu una historia lazima aeleze milango itakuwa mingapi, na mwenye kuanguka atatolewa kupitia wapi.

Huko Uingereza jambo hili limeliza watu wazima. Everton wa mji wa Liverpool, ambao Watanzania waliwaona kwa macho Julai 13, 2017 Wayne Rooney alipofunga dhidi ya Gor Mahia pale Dar es Salaam, walicheza Goodison Park tangu 1892. Mei 18, 2025 timu ya wanaume ilicheza hapo mara ya mwisho, ikaifunga Southampton 2-0, kisha ikahamia uwanja mpya kando ya mto Mersey. Mipango ya awali ilikuwa kuubomoa ule wa zamani. Badala yake ukakabidhiwa timu ya wanawake ya klabu hiyo. Mashabiki walilia, lakini walilia kama watu wanaomsindikiza binti harusini, wanajua nyumba aliyokwenda.

Kampala ilichukua njia nyingine. Nakivubo, uwanja uliochezewa mpira tangu 1926 na nyumbani kwa vigogo kama SC Villa, ulibomolewa 2017. Mfanyabiashara Hamis Kiggundu akaujenga upya, ukazungukwa na maduka, ukafunguliwa 2024 kwa jina la Hamz. Ni uwanja mzuri, wenye nyasi bandia na viti, na Kampala imepata tena mpira katikati ya mji. Lakini miaka ya kusubiri ilikuwa mingi, na swali lililozungumzwa wakati wote halikuhusu mpira: uwanja wa umma ukishaingia mkono wa mtu binafsi, unabaki wa nani?

Swali hilo Tanga wanalijua kwa sura yao. Mkwakwani ni mali ya CCM, kama ulivyo Sheikh Amri Abeid wa Arusha, Kirumba wa Mwanza na Sokoine wa Mbeya. Viwanja hivi ni vya enzi za chama kimoja, wakati mali ya chama, mali ya umma na jasho la mwananchi havikutenganishwa sana. Vyama vingi viliporudi 1992, viwanja vikabaki kwa chama. Matokeo yake klabu inayocheza haimiliki, halmashauri inayopata wageni haimiliki, na shabiki anayelipa kiingilio anahisi ni wake ilhali hana pa kuuliza kiingilio hicho kilitengeneza nini. Uwanja ukichakaa, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole.

Hapa Zanzibar ina somo zuri kuliko Liverpool na Kampala. Uwanja wa Amaan ulifunguliwa 1970. Serikali ya Mapinduzi haikuuhama. Iliufunga, ikaufanyia matengenezo makubwa, ikaufungua upya Desemba 2023 pale pale, katikati ya watu wake. Mei 25, 2025 Simba walikuwa na mechi ya pili ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Kila Mtanzania alitaka ichezwe kwa Mkapa. CAF ikakataa kwa sababu ya hali ya uwanja huo, ikaipeleka Amaan. Ikaisha 1-1, kombe likaenda Morocco kwa jumla ya mabao 3-1. Mashabiki wa Simba walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika, lakini mpangilio ule ulisema kitu: uwanja wa 2007 ulikosa sifa, na wa 1970 uliotunzwa ukapokea fainali ya Afrika.

Kwa hiyo wasiwasi wa mtu wa Ushongo si kukataa maendeleo. Ameona viti vipya vikipasuka bila kubadilishwa, na ubao wa matokeo ukizimika usiwashwe tena. Anajua kwamba asipokuwepo wa kutunza, uwanja mpya utakuwa Mkwakwani mwingine baada ya miaka 15, tofauti ni kwamba utakuwa mbali na kwake na hautakuwa na 1988.

Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa Fainali za Afrika za 2027, na Arusha ikajengewa uwanja wa watu 30,000. Ni haki ya Arusha. Tanga haiko kwenye orodha hiyo, na huenda hilo ni nafuu kwake, kwa sababu haifukuzwi na tarehe ya mashindano. Ina muda wa kufanya kilichofanyika Amaan: kuurekebisha Mkwakwani mahali ulipo, milango iongezwe, vyoo vijengwe, taa ziwekwe, na jukwaa la mzunguko, wanakokaa wa kiingilio cha chini, lipate paa walau upande mmoja. Ikionekana lazima kujengwa mwingine, Mkwakwani ubaki kwa timu za vijana na za wanawake, ambao kila siku wanaambiwa wasubiri uwanja.

CCM, halmashauri ya jiji, klabu na TFF wakae meza moja, waandike ni nani anawajibika kwa nini. Fedha za matunzo ya miaka kumi ziingie kwenye mkataba ule ule wa ujenzi, zisiachwe kwa hisani ya msimu. Na kabla ya kuchora ramani yoyote, waende Mkwakwani siku ya mechi wawaulize watu wa mzunguko kwanza, wakiwemo waliovuka kwa kivuko asubuhi ile, ndipo waende jukwaa kuu.