Maji ya Enzi Iliyopita

Miaka 7,000 iliyopita, Fezzan, kusini mwa Libya, palikuwa na malisho. Enzi hizo, katika majira ya joto ya kaskazini, Dunia ilipita karibu zaidi na Jua kuliko leo. Bara likapata joto jingi, likavuta pepo za mvua hadi katikati ya Sahara. Wafugaji wa Takarkori, kwenye milima ya Acacus, walikamua ng'ombe, na mafuta ya maziwa hayo bado yamo katika vigae vya vyungu vyao.

Kiasi cha miaka 5,000 iliyopita mvua ikapungua, nyasi zikafuata. Wengi waliswaga mifugo yao wakahama. Sioni aibu katika uamuzi huo.

Lakini mvua ile ndefu ilikuwa imeacha akiba ardhini, na hiyo ndiyo Wagaramante, watu wa Fezzan, waliyoijengea ufalme wao, makao yake yakiwa Garama. Katika karne za mwisho kabla ya Kristo walianza kuchimba foggara: mahandaki yenye mteremko mdogo, yaliyotoa maji chini ya miinuko na kuyafikisha shambani yenyewe, usiku na mchana. Kila baada ya mita chache palikuwa na shimo la wima la kutolea udongo, mengine yakishuka hadi mita 40. Foggara zaidi ya 600 zimetambuliwa. Jangwani wakavuna ngano, shayiri, zabibu na tende.

Kazi hiyo ya kutisha ilifanywa kwa sehemu kubwa na watumwa, jambo ambalo wasifiaji wa ustadi huu hulipita haraka mno. Na handaki hutoa maji pale tu maji ya ardhini yanapokuwa juu ya sakafu yake. Yakishuka, ni lazima kuchimba zaidi, na mikono zaidi ipatikane. Hakuna mvua iliyorudisha kilichochotwa. Biashara na Roma nayo ilipofifia, Wagaramante hawakuwa na cha kuegemea. Jemadari Mwarabu Uqba ibn Nafi alipofika karne ya 7, fahari ya Garama ilikuwa imekwisha.

Mwaka 1984 Libya ilianza kujenga mradi wa Mto Mkubwa Uliotengenezwa na Binadamu, na mwaka 1996 maji ya kusini yakafika Tripoli kwa mabomba. Pampu zake hufika mamia ya mita chini, ambako sululu ya Mgaramante isingefika, na kinachovutwa ni maji ya kale ya enzi za mvua, ambayo hakuna masika ya leo yanayoyarudisha.